Dokta anataka niongeze sentensi kwenye faili la mgonjwa, na mi sina uhakika kama niliisikia

Shikamoo Shangazi,

Naomba usiweke jina langu wala kitu chochote kitakachofanya watu wa kazini wajue ni mimi. Ni msaidizi wa daktari wa meno kwenye kliniki ndogo ya mtu binafsi, tuko watatu tu, dokta mwenyewe ambaye ndo mwenye kliniki, mimi, na dada wa mapokezi. Kazi yangu ni kuandaa vifaa, kushika ile mashine ya kunyonya mate, kuchanganya dawa za kuziba, na kuandika kwenye kompyuta yale dokta anayosema. Hii ya mwisho ndo imenifikisha huku kwako.

Dokta wangu ana mkono mzuri jamani, sisemi kwa sababu ananilipa, watu waliogopa meno maisha yao yote wanatoka kwake wanacheka. Na mimi kazi karibu yote nimefundishwa na yeye. Ila kuandika hapendi. Akimaliza mgonjwa anavua glavu, anasema "andika kama kawaida", ananawa mikono na anayefuata anaingia. Kama kawaida maana yake kuna templeti kwenye programu, nikibonyeza "kung'oa" maneno yanajijaza yenyewe, mgonjwa ameelezwa faida na hasara, ameelewa, amekubali, ganzi imechomwa, jino limetoka salama, maelekezo yametolewa. Mimi nabadilisha namba ya jino basi. Kuna kipindi nilianza kuandika kwa kirefu, nini mgonjwa kasema, nini kauliza, dokta akaniambia kwa utani kwamba ninaandika riwaya na foleni iko mlangoni. Nikaacha.

Sasa kuna mama alikuja kung'olewa gego la mwisho la chini kushoto, lile tunaloliandika namba 38, lilikuwa limelala ubavu. Dokta akafungua fizi, akapunguza mfupa kidogo, akaligawa akalitoa vipande, akashona. Kwa macho yangu kazi ilienda vizuri. Baada ya siku kadhaa yule mama akapiga simu kwamba nusu ya mdomo wa chini na kidevu upande ule bado vina ganzi, mapokezi wakamwambia asubiri itaisha. Akapiga tena. Mwisho akaja mwenyewe, dokta akamwona haraka haraka katikati ya wagonjwa wengine akamwambia mshipa umeshtuka tu, utarudi. Siku hiyo faili halikufunguliwa kabisa.

Juzi ameleta barua anaomba nakala ya faili lake lote pamoja na eksirei, anataka wiki hii. Dokta akafungua akasoma, si ndo akakuta "kama kawaida". Akaniambia, tena kwa upole tu, niongeze mle kwenye maelezo ya siku ya kung'oa kwamba alimweleza mgonjwa kuhusu hatari ya ganzi ya mdomo. Akasema "si ulikuwepo, ulisikia".

Shangazi, tatizo ni kwamba nadhani nilisikia. Ile sentensi "mdomo unaweza ukabaki na ganzi kwa muda" naisikia kabisa kichwani kwa sauti yake. Ila ndo sentensi anayowaambia wengi wanaotolewa magego ya chini, kwa hiyo sijui ninayoisikia ni ya yule mama au ya mtu mwingine wa siku nyingine. Na kingine, kompyuta yetu inafunguliwa asubuhi kwa nywila ya dokta na inabaki hivyo mpaka jioni, kwa hiyo chochote ninachoandika kinatokea kwa jina lake.

Kaka yangu anasema andika tu, faili ni lake, jina ni lake, ukweli anaujua yeye. Rafiki yangu ambaye ni muuguzi anasema huo ni udanganyifu niache kazi kesho. Mi kuacha kazi siwezi kirahisi. Nimefikiria pia nipige picha ile skrini ilivyo sasa kabla haijaguswa nikae nayo kwenye simu, au hata nimpigie yule mama nimwambie kinachoendelea. Sijafanya lolote, namkwepa dokta tu. Nifanyeje?

Msaidizi mwenye mawazo

Marahaba mwanangu,

Nimesoma barua yako taratibu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba wewe umeandika maelezo mazuri ya mgonjwa kuliko yale yaliyo kwenye faili lake. Jino gani, limekaaje, limetolewaje, nini kilitokea baadaye, nani alimjibu nini. Sikutanii. Kama ukiwa umechoka na una mawazo unaweza kuandika hivi, basi uwezo wa hiyo kazi unao, hilo liweke pembeni tutalirudia.

Ninavyokuelewa, unaombwa uingize leo maneno kwenye maelezo ya siku iliyopita, yaonekane kama yaliandikwa siku ile, kwa jina ambalo si lako, kuhusu kitu unachodhani kilitokea ila huwezi kukiapia. Na anayekuomba ni mtu unayempenda na unayemtegemea kwa mshahara. Kaka yako kaliona jina tu, rafiki yako kauona udanganyifu tu. Wewe umeyaona yote mawili na ndo maana hulali.

Nianze na dokta, kwa sababu naona barua inamchukulia kama mtu anayejaribu kuficha, na inawezekana ni hivyo, mi sijui moyo wake. Lakini inawezekana pia kwa akili yake anajaza pengo tu. Mtu anayesema sentensi ileile kwa kila gego la chini ana uhakika kabisa kwamba aliisema na mara hii, maana kwake kuisema ni mazoea. Kwa hiyo anapokwambia "si ulikuwepo" huenda anakuomba umalizie kazi aliyoiacha nusu, na wala hajawaza kwamba anakuomba uongo. Nasema hivi kwa sababu namna utakavyomwendea mtu unayedhani ni mwongo na namna utakavyomwendea mtu aliyechoka na ameogopa ni tofauti sana, na umefanya naye kazi, unamjua kuliko mimi.

Halafu kuna hili la pili. Nyote wawili mnaongea kana kwamba sentensi ile ikiwepo dokta amepona na isipokuwepo amekwisha. Sidhani kama mambo yako hivyo. Neva inayopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu inapita ndani ya mfupa wa taya karibu na mizizi ya magego ya mwisho, kwa wengine iko mbali na kwa wengine imegusana nayo kabisa, na ganzi inayobaki baada ya kung'oa ni hatari inayojulikana, inatokea hata mikononi mwa daktari mzuri aliyefanya kila kitu sawa. Mara nyingi inarudi yenyewe kwa wiki au miezi, wachache inabaki. Kwa hiyo mdomo kufa ganzi peke yake si ushahidi kwamba mtu amekosea. Na upande wa pili, maneno "ameelezwa, ameelewa" hata yangekuwa marefu namna gani hayaonyeshi kama yule mama alielewa. Kinachosaidia ni vitu vyenye sura ya mgonjwa mwenyewe, kwamba eksirei ilionyesha mizizi iko karibu na mfereji wa neva na akaonyeshwa, kwamba aliambiwa kuna njia ya kuliacha jino na kuliangalia au kwenda kwa mpasuaji wa kinywa na taya, kwamba aliuliza hiki na akachagua kile. Templeti inayosema jambo lilelile kwa kila mtu inasomeka kama mhuri, na anayezoea kusoma mafaili akikuta wagonjwa wote wameelewa kwa maneno yaleyale anaanza kujiuliza kama kuna aliyeelezwa.

Sasa mwanangu ngoja nikuulize kitu ambacho sijakiona popote kwenye barua yako. Leo yule mama ana ganzi kiasi gani?

Mnahangaika na sentensi moja ya siku iliyopita, na siku alipokuja kulalamika hamkuandika hata neno. Simu mbili hazimo. Ile ya kuonwa haraka haraka haimo. Hakuna aliyechora eneo la ganzi linaanzia wapi linaishia wapi, hakuna aliyegusa kwa pamba na kitu chenye ncha akaandika anahisi au hahisi, kama kuna maumivu au kuchomachoma, kama anajing'ata akila, kama ulimi nao umeguswa, maana huo una neva yake nyingine. Hiyo ndo rekodi ambayo yeye anaihitaji kwa afya yake. Bila ramani ya leo, mwezi ujao hamtajua kama eneo linapungua au limebaki palepale, na neva iliyoumia kweli haifai kusubirishwa bila kupimwa, wataalamu wanapenda kumwona mtu mapema ndani ya miezi ya mwanzo wakati bado kuna la kufanya. Mi ningekuwa wewe mazungumzo na dokta ningeyaanzia hapo. "Dokta, huyu mama tumwite tumpime vizuri tuandike, na tuone kama anahitaji rufaa." Ni sentensi ambayo haimshtaki mtu, na ndo kitu cha maana zaidi kinachoweza kufanyika wiki hii kwa yule mgonjwa.

Tuje kwenye lile faili. Kuna njia ambayo kaka yako na rafiki yako wote hawakuitaja, na kwenye kazi za afya ni ya kawaida tu. Maelezo ya zamani yanaachwa yalivyo, hata yakitia aibu. Anayetaka kuongeza anaandika ingizo jipya, lenye tarehe na saa ya leo, linalosema wazi kwamba ni nyongeza kuhusu matibabu ya siku fulani, imeandikwa kwa kukumbuka, na sababu ya kuiandika sasa ni hii. Kwenye karatasi vilevile, ukikosea unapiga mstari mmoja ili cha chini kisomeke, unaweka tarehe na sahihi, hufuti kwa wino mweupe wala huchomeki maneno kwenye nafasi. Na anayeandika kumbukumbu ni mwenye kumbukumbu. Dokta akiamini alisema, aandike yeye kwamba kwa kawaida yake huwa anasema hivi na anaamini alisema, kwa vidole vyake mwenyewe. Wewe ukitakiwa kusema ulichosikia, unaweza kusema kwa jina lako kile ulichoniandikia mimi, kwamba sentensi unaifahamu ila huna uhakika ni ya siku ile. Ni maneno dhaifu, naelewa, dokta hatayapenda.

Njia hii nayo ina hatari zake, nisikufiche. Nyongeza iliyoandikwa baada ya mgonjwa kuomba faili inaonekana ilivyo, na mtu anaweza kuitilia shaka. Dokta anaweza kuona umemwacha peke yake. Lakini linganisha na ile ya kuingiza kimyakimya. Programu nyingi za kliniki zinatunza kumbukumbu ya nani kagusa ingizo gani na saa ngapi, hata kama kwenye skrini huioni, na mgonjwa au mwanasheria wake akiomba hiyo, mabadiliko ya wiki hii yatakaa peupe mbele ya tarehe ya zamani. Hapo kesi iliyokuwa ya ganzi ya mdomo inageuka kuwa kesi ya kughushi, na kwa daktari hiyo ya pili huwa nzito kuliko ya kwanza. Huenda dokta hajalifikiria hili. Kumwambia inaweza kuwa ndo msaada mkubwa unaoweza kumpa, tena una sababu nzuri ya kulisema bila kumhukumu. "Nina wasiwasi tukigusa ile ya zamani itaonekana tumebadilisha, kwa nini usiandike nyongeza ya leo?" Kama ana bima ya kazi au yuko kwenye chama cha madaktari, mara nyingi kuna mtu wa kumpigia kabla ya kutoa nakala, na wao hilo swali wamelizoea.

Kuhusu kukataa moja kwa moja, unaweza, na unajua mwenyewe gharama yake kwenye kliniki ya watu watatu. Kuandika tu kama anavyotaka kaka yako, unaweza pia, lakini angalia ile nywila. Wewe unaiona kama kinga kwa sababu jina ni la dokta. Mi naiona kinyume. Siku mambo yakiharibika, atakayeulizwa nani alikuwa kwenye kibodi ni wewe, na mtasimama wawili mkitazamana, kila mmoja na kumbukumbu yake. Kuomba uwe na nywila yako ni jambo dogo la kiofisi ambalo unaweza kuliomba bila hata kumtaja yule mama.

Ile ya kupiga picha skrini nakuomba usubiri. Naelewa unataka kitu cha kukukinga, ila faili la mgonjwa likishaingia kwenye simu yako limetoka kliniki, na hilo ni kosa jipya ambalo ni lako peke yako. Kama unataka kumbukumbu yako, andika ulichoambiwa, lini, na ulijibu nini, bila jina la mgonjwa wala habari za matibabu yake. Kumpigia yule mama pia nakushauri uipime mara mbili. Nakala ameshaomba, na sehemu nyingi duniani hiyo ni haki yake. Kama faili litamfikia lilivyo pamoja na nyongeza za wazi, atakuwa na ukweli mkononi bila wewe kumpigia kwa siri. Kama faili litaguswa, hapo unakuwa na swali lingine na uzito mwingine, na sitakudanganya kwamba ni rahisi, maana baadhi ya taaluma zinawadai watu wake waseme wakiona jambo la namna hiyo. Kama umesajiliwa kwenye bodi yoyote, soma inasemaje kuhusu wajibu wako, maana ushauri wangu hauwezi kushinda maandishi yao.

Nimesema tutarudi kwenye ule uwezo wako wa kuandika. Dokta alikuita mwandishi wa riwaya na foleni ilikuwa kweli mlangoni, sote tunajua. Lakini urefu si ndo ubora. Unaweza kuwa na mistari sita inayotosha kuliko templeti ya nusu ukurasa, kwa nini kaja kwa maneno yake mwenyewe, dawa anazotumia zimebadilika au la, hasa za kuzuia damu kuganda na za kuimarisha mifupa ambazo zina hatari zake kwenye kung'oa, aleji, kilichoonekana hata kama ni kizima, nini kilijadiliwa na alikataa nini, ganzi ya aina gani na kiasi gani na upande upi, nini hakikuenda kama ilivyopangwa. Alichokikataa mgonjwa watu wanakisahau sana, na ndicho kinachogombaniwa baadaye. Namba za meno nazo usizichukulie kama kitu kidogo cha kubadilisha kwenye templeti, maana 18 kwa mfumo wa FDI, ule wa shirikisho la kimataifa la madaktari wa meno, ni gego la mwisho la juu kulia, na kwa mfumo wanaotumia Marekani 18 ni gego la pili kutoka mwisho la chini kushoto, sasa mgonjwa akihamia kwa daktari mwingine na faili halisemi ni mfumo gani, Mungu asaidie.

Na hili unaweza kulifanya bila ruhusa ya mtu, ukiuliza kwa sauti wakati mgonjwa bado amekaa kwenye kiti. "Dokta, kwenye hatari niandike nini kwa huyu?" Swali moja tu. Akijibu, mgonjwa anasikia, wewe unaandika, na kama alikuwa amesahau kusema anasema hapohapo. Nimewahi kusikia madaktari wakilalamika kwamba wasaidizi wao wanauliza sana, sijawahi kusikia aliyelalamika hivyo siku faili lake linaombwa.

Muda ulionao ni mfupi kwa sababu nakala inatakiwa wiki hii, na kumkwepa dokta nako ni kuamua, maana anaweza kuingiza ile sentensi mwenyewe wewe ukiwa unaosha vifaa. Tafuta dakika kumi kabla mgonjwa wa kwanza hajafika, siyo jioni mkiwa mmechoka. Anza na mama na mdomo wake, kisha nyongeza, kisha nywila, kwa mpangilio huo au mwingine utakaoona unaingia kwake. Akikasirika, msikilize kwanza anaogopa nini. Kama ataendelea kusisitiza uandike mle mle kwa tarehe ile ile, mwambie unahitaji kulala nalo, niandikie tena, nitalisoma lako kabla ya mengine.

Shangazi